Daktari Mmoja kwa Watu Wangapi?

Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi wa mwaka wa tano wa udaktari na watumishi wa afya. Imenyooshwa kidogo kwa ajili ya wasomaji.

Mheshimiwa mgeni rasmi, wakuu wa idara, wauguzi na matabibu mliotoka zamu ya usiku mkaja hapa bila kupitia kitandani, na ninyi vijana wa mwaka wa tano. Walionizidi umri, shikamooni. Wengine wote, habari za asubuhi.

Mada niliyopewa imeandikwa kwenye mwaliko kama swali: daktari mmoja kwa watu wangapi? Swali hili nimelisikia tangu nikiwa na umri wenu. Linaulizwa bungeni, linaulizwa redioni, na jibu lake huja limebeba jina la Shirika la Afya Duniani, WHO. Leo mtu atasema WHO inataka daktari 1 kwa watu 1,000. Kesho mwingine atasema WHO hiyohiyo inataka 1 kwa 10,000. Mimi nilizirudia takwimu hizo kwa miaka, mpaka nilipoanza kufundisha na kulazimika kutafuta zilikotoka. WHO haikuwahi kuweka kiwango cha madaktari peke yao. Kilichowekwa, katika ripoti yake ya mwaka 2006, ni wataalamu 2.28 kwa kila watu 1,000, na wataalamu hao ni madaktari, wauguzi na wakunga wakijumlishwa pamoja. Kiwango hicho kilipatikana kwa kuangalia nchi ambazo wajawazito 80 katika kila 100 wanajifungua mikononi mwa mtaalamu. Mwaka 2016 kikapandishwa hadi 4.45, kwa hesabu ya Malengo ya Maendeleo Endelevu. Hapo napo muuguzi na mkunga wamo. Sisi tulipokuwa tunasimuliana, tukawaengua, akabaki daktari peke yake na namba ambayo hana.

Nimeanza na hilo kwa makusudi. Ukitaka kulinganisha nchi na nchi, uliza kwanza nani ameingizwa kwenye hesabu na nani ameachwa nje.

Ripoti ile ya 2006 ilikuwa na jedwali nyuma kabisa, nchi baada ya nchi. Tanzania, madaktari 822, takwimu za mwaka 2002. Kenya, 4,506. Malawi, 266. Marekani, 730,801. Kuba, nchi ya watu milioni 11, madaktari 66,567. Wakati huo nilikuwa mwalimu kwenye chuo cha matabibu, yaani watu wanaotibu bila kuwa na shahada ya udaktari, nikalichapa jedwali lile na kulibandika ukutani darasani. Sensa ya 2002 ilikuta tuko watu milioni 34.4. Gawanyeni wenyewe: daktari 1 kwa watu zaidi ya 40,000. Kwa Kuba ni 1 kwa watu kama 170.

Wanafunzi walikaa wakilitazama. Kisha binti mmoja wa mwaka wa pili akanyoosha mkono akaniuliza, "Mwalimu, sisi tumo humu?"

Hawakuwamo. Tabibu hakuwamo, na daktari msaidizi hakuwamo. Hata mimi niliyesimama mbele yao, ambaye wilayani waliniita Daktari kuanzia mtoto wa darasa la kwanza mpaka mkuu wa wilaya, sikuwamo.

Naomba nieleze kada hii ya madaktari wasaidizi, kwa kuwa wengi wenu mtakutana nayo kazini bila kujua ilikotoka. Mwalimu Nyerere alikuwa akisema kwamba Waingereza walipoondoka walituachia madaktari 12. Kumi na wawili, kwa nchi nzima kuanzia Bukoba hadi Mtwara. Shule ya udaktari ya Dar es Salaam ilifunguliwa mwaka 1963, na daktari hapikwi kwa siku moja. Mwaka huohuo yakaanza mafunzo ya madaktari wasaidizi: unamchukua tabibu aliyekwisha kutumika vijijini, unamrudisha darasani miaka miwili, anajifunza kupasua, kuweka ganzi, kuzalisha waliokwama. Halafu unamrudisha wilayani. Mimi nilisomea Ifakara, nikatokea Kigoma na nikarudi Kigoma.

Watafiti walikuja baadaye kuangalia hospitali za mikoa ya Mwanza na Kigoma, wakachapisha matokeo mwaka 2009. Waligundua kuwa takriban asilimia 85 ya upasuaji mkubwa wa uzazi ulifanywa na madaktari wasaidizi. Walilinganisha kazi yao na ya madaktari wenye shahada, wakaangalia akina mama waliokufa, watoto waliokufa, vidonda vilivyooza, na hawakupata tofauti ya maana. Nisikilizeni vizuri hapo. Kwenye mikoa hiyo miwili, mwanamke mwenye uchungu pingamizi usiku wa manane aliokolewa, mara nyingi, na mtu ambaye jedwali la dunia linasema hayupo.

Msumbiji wana kada inayofanana na hiyo, wanawaita mafundi wa upasuaji. Huko walichunguza jambo lingine, ambalo kwangu ni kubwa zaidi: nani anabaki? Miaka 7 baada ya kuhitimu, mafundi 88 katika kila 100 waliopelekwa hospitali za wilaya walikuwa bado wako hospitali za wilaya. Kati ya madaktari waliopelekwa pamoja nao, hakubaki hata mmoja.

Sisemi hivyo kuwashusha ninyi mnaovaa koti refu mwakani. Daktari anaondoka wilayani kwa sababu ninazozijua: nyumba haina maji, mwenzi wake hana kazi, shule ya watoto iko mbali, na hakuna wa kumuuliza anapokutana na ugonjwa asioujua. Lakini mtu anayepanga idadi ya wahitimu bila kupanga kubaki kwao anajaza mtungi uliotoboka.

Sasa tutoke nje kidogo.

Wakubwa wa dunia hutumia takwimu za OECD, jumuiya ya nchi tajiri. Humo Ugiriki iko juu kabisa, zaidi ya madaktari 6 kwa watu 1,000. Uingereza iko karibu na 3. Ukisoma hapo tu utadhani Mgiriki anamfikia daktari kwa urahisi mara mbili kuliko Mwingereza. Fungua ukurasa unaofuata. Kwanza, Ugiriki inahesabu kila aliyepewa leseni, hata kama hafanyi kazi, na baada ya uchumi wake kuanguka mwaka 2009 madaktari wengi walihamia Ujerumani na kwingineko. Pili, kati ya madaktari wake ni kama asilimia 6 tu walio madaktari wa kawaida, au wa familia, wale wa kumwona mgonjwa yeyote kwa tatizo lolote. Waliobaki ni mabingwa: wa moyo, wa ngozi, wa macho, wa mifupa. Korea Kusini nayo iko karibu na asilimia hiyo 6. Bibi wa kisiwani mwenye sukari, presha na goti linalouma anahitaji mabingwa watatu, na hakuna kati yao anayemjua yeye mzima mzima.

Basi mtasema dawa ni kuongeza madaktari wa familia. Tazameni Kanada. Karibu nusu ya madaktari wake ni wa familia, sehemu kubwa kuliko karibu nchi zote tajiri. Na bado utafiti wa 2022 ulikuta zaidi ya watu wazima milioni 6 nchini Kanada hawana daktari wa familia. Milioni 6! Wako madaktari, lakini wengine wameingia wodini, wengine zamu za dharura, wengine wamepunguza siku za kazi, na anayestaafu anaacha orodha ya wagonjwa ambayo hakuna kijana anayeipokea.

Uingereza nitakaa nayo zaidi, kwa kuwa mfumo wetu wa rufaa una damu yake, na kwa kuwa wanaweka hesabu zao wazi kila mwezi, jambo ambalo nawaonea wivu. Kule kila mtu anajiandikisha kwa daktari wa familia, bure, tangu mwaka 1948. Huendi kwa bingwa mpaka huyo akupe rufaa. Ndiye mlango. Mwaka 2015 serikali ya kule iliahidi kuongeza madaktari wa familia 5,000 kabla ya 2020. Ahadi haikutimia. Mwaka 2019 ikaahidiwa 6,000. Nayo haikutimia. Upande wa England peke yake, mwaka 2015 walikuwa na madaktari wa familia waliohitimu kamili takriban 29,400. Mwishoni mwa 2023 walikuwa karibu 27,500. Katika muda huo wagonjwa walioandikishwa walipanda kutoka kama milioni 57 hadi karibu milioni 63. Kila daktari alikuwa na watu kama 1,940. Akawa na karibu 2,290.

Kijana wa Kigoma anaweza kucheka akisikia watu 2,290 wanaitwa mzigo. Msicheke. Angalieni namba hiyo imepatikana vipi, maana ndipo penye somo. Ukihesabu vichwa, madaktari wa familia wa England hawakupungua; waliongezeka. Kilichopungua ni saa. Wao hukusanya saa za kazi za watu wote, wakazigawa kwa saa za mtu mmoja wa kutwa nzima, na hapo ndipo wanapopata idadi. Daktari anayekuja siku tatu kwa wiki anahesabiwa kama sehemu tu ya mtu. Kwa nini anakuja siku tatu? Kwa sababu siku nne zilikuwa zinamuua: wagonjwa kila baada ya dakika 10, majibu ya maabara usiku, barua za rufaa mwishoni mwa wiki. Anapunguza siku ili adumu, mzigo unahamia kwa mwenzake, na mwenzake naye anapunguza. Hospitalini, katika miaka hiyohiyo, mabingwa waliongezeka. Fedha na vijana vilikwenda kwenye jengo kubwa, na mlango wa mbele ukaachwa na watu wachache.

Habari ya vichwa na saa niliifahamu kabla sijajua kwamba England wana daftari la namna hiyo. Nitawasimulia, nami huwa siisimulii mara nyingi.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa kijiji cha ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, kusini mwa Kigoma mjini. Mwaka ni 1994. Nilikuwa tabibu, tulikuwa na nesi mmoja na mhudumu mmoja wa kufagia na kuchemsha vifaa. Nesi alikuwa likizo ya uzazi. Wakati ule mshahara haukuja kwenye simu. Ulikuwa unaufuata benki mjini. Unapanda boti usiku, unafika alfajiri, unapanga foleni, fedha haijaingia, unalala, unarudi kesho yake. Siku mbili, mara nyingine tatu. Nilifunga dirisha la dawa, nikampa mhudumu panadol na klorokwini, nikaenda.

Niliporudi nikakuta kanga imetandikwa kwenye benchi la nje. Mama mmoja alikuwa ameleta mtoto wa miaka miwili, ana homa, ameanza degedege. Alimsubiri tabibu kuanzia saa tatu asubuhi. Mhudumu alimpangusa mtoto kwa maji, alichoweza ndicho alichofanya. Dripu ya kwinini ilikuwa kabatini, na ufunguo wa kabati ulikuwa mfukoni mwangu, mjini. Mtoto alikata roho jioni. Mama aliondoka na mtoto wake akasahau kanga.

Nimeshaulizwa mara nyingi kama najilaumu. Najibu ndiyo. Lakini ninachotaka mkiweke akilini leo ni kitu kingine: kwenye taarifa ya mkoa ya mwezi ule, kituo kile kiliandikwa kina tabibu 1. Na kweli alikuwapo. Alikuwa kwenye boti.

Kwa hiyo ninaposoma uwiano wa nchi yoyote, yetu au ya wenzetu, nauliza maswali ambayo mama yule angeuliza. Yuko wapi sasa hivi? Atakuwapo saa ngapi? Na akinipokea, ananijua?

Hilo la kujuana si la huruma tu, ni la tiba. Norway tangu 2001 kila mwananchi amepangiwa daktari wake wa kudumu. Watafiti wao walifuatilia kumbukumbu za watu zaidi ya milioni 4.5 wakachapisha mwaka 2022. Waliokuwa na daktari mmoja kwa zaidi ya miaka 15, wakilinganishwa na waliokaa naye mwaka mmoja tu, uwezekano wao wa kulazwa, wa kukimbizwa tiba ya dharura, na wa kufa ulikuwa pungufu kwa asilimia 25 hadi 30. Hakuna kidonge kipya hapo, wala mashine. Ni mtu yuleyule kukuona mwaka huu na mwakani.

Kuba walilielewa hilo mapema. Mwaka 1984 walianza kumweka daktari na muuguzi katikati ya mtaa, mwanzoni kwa familia kama 120, na daktari akaishi palepale kwenye jengo la zahanati au jirani yake. Anawagawa watu wake makundi manne: wazima, walio hatarini, wagonjwa, na wenye ulemavu, na hata mzima anatembelewa. Wenzetu wa Zanzibar wamefundishwa na kutibiwa na Wakuba kwa miaka mingi, wanaweza kuwasimulia zaidi. Mshahara wa daktari wa Kuba ni mdogo sana, na wengi wanapelekwa nje kwa mikataba inayoiingizia serikali fedha za kigeni, kwa hiyo siwaambii tuige kila kitu. Ila mtindo wa kumkabidhi mtu familia zake kwa majina, huo naupenda kutoka moyoni.

Hapa kwetu orodha hiyo hatuna. Tuna daftari. Kila mmoja wenu atalijua lile: daftari la shule la kurasa 32, limekunjwa katikati, linakaa kwenye mfuko wa nailoni na kitambulisho cha bima. Humo mna presha ya mwaka juzi kwa mwandiko mmoja, sukari kwa mwandiko mwingine, dawa iliyobadilishwa na mtu wa tatu. Hesabuni miandiko kwenye daftari la mgonjwa mmoja wa presha. Mimi niliwahi kukuta 11 ndani ya miaka minne, na hakuna hata mmoja kati yao aliyeandika kwa nini alibadilisha dawa.

Sasa tuzungumzie ajira, nami nitazungumza kwa uchungu kidogo, mnisamehe.

Mnakumbuka mwaka 2017. Madaktari wa Kenya walikuwa wametoka kwenye mgomo wa siku 100, ulioanza Desemba 2016 ukaisha katikati ya Machi. Serikali ya Kenya ikaja Dar es Salaam kuomba madaktari 500, na Tanzania ikakubali. Nchi yenye madaktari wachache ikakubali kuipa nchi yenye wengi! Watu wa nje walishangaa. Sisi hatukushangaa, tulijua kuna vijana waliomaliza utarajali, yale mazoezi ya kazi baada ya chuo, wako nyumbani. Mahakama ya Kenya ilizuia mpango ule, kwa kuwa na Kenya nako kulikuwa na madaktari wao wasio na kazi. Rais Magufuli akaagiza wale 258 waliokuwa wameomba waajiriwe hapa nyumbani mara moja. Nafasi zao zilikuwapo muda wote.

Inawezekanaje nchi iwe na upungufu wa madaktari na madaktari wasio na kazi kwa wakati mmoja? Inawezekana kwa sababu upungufu hupimwa kwa mahitaji, na ajira hupimwa kwa mfuko. Mahitaji yanaandikwa kwenye ikama, yaani idadi ya watumishi ambayo kila kituo kinatakiwa kuwa nayo. Ikama ya 2014 ilitaka zahanati iwe na watumishi 15 hadi 20, kituo cha afya 39 hadi 52. Nani kati yenu amewahi kuona zahanati ya kijijini yenye watumishi 15? Naona hakuna mkono. Mfuko nao unaandikwa kwenye kibali cha ajira, na kibali hutoka kwa kadiri ya fedha za mishahara. Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi ulianza 2007 kwa shabaha ya zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata. Majengo yamejengwa, tena mengi, na nawapongeza wananchi waliobeba mawe na mchanga. Lakini tofali halitundiki dripu. Tulikuwa watu milioni 44.9 mwaka 2012, tukawa milioni 61.7 mwaka 2022. Katika miaka 10 wameongezeka watu karibu milioni 17, na kila mmoja alizaliwa akihitaji chanjo.

Kenya hali haikutulia hapo. Mwaka 2024 madaktari waligoma siku 56, na safari hii kiini cha ugomvi kilikuwa watarajali: lini wapangiwe vituo, na walipwe kiasi gani. Nilikuwa nikisikiliza taarifa ya habari ya Nairobi nikawaza kwamba mtoto wa mtu amesoma miaka sita, taifa limemgharamia, halafu linagombana naye mlangoni.

Na anayechoka kusubiri mlangoni anatafuta mlango mwingine. England ninayowaeleza hujaza mapengo yake kwa watu kama ninyi. Tangu mwaka 2019 madaktari wanaoingia kwenye rejesta ya Uingereza kutoka nje wamekuwa wengi kuliko wanaohitimu vyuo vya humohumo. WHO ilipitisha kanuni za uajiri wa wahudumu wa afya wa kimataifa mwaka 2010, na mwaka 2023 ikatoa orodha ya nchi 55 zisizofaa kunyang'anywa wataalamu wake. Kati yake 37 zilikuwa za Kanda ya Afrika ya WHO, na Tanzania ilikuwamo. Kanuni zile hazimzuii mtu kusafiri, wala hazipaswi. Zinamtaka tajiri asije kuokota, ingawa ni za hiari. Mimi kijana akiniambia anaondoka, simwiti msaliti. Namuuliza kama aliwahi kuitwa kazini hapa akakataa. Karibu wote hawakuwahi kuitwa.

Nilichokuja kuomba ni hiki. Tunapodai kuongezewa madaktari, nami nadai pamoja nanyi kwa sauti, tudai wahesabiwe kwa namna itakayomfaa yule mama. Tudai hesabu ya zahanati kwa zahanati, isiwe wastani wa taifa unaomchanganya bingwa wa Dar es Salaam na kijiji kisicho na mtu. Tabibu, daktari msaidizi, muuguzi na mkunga waingie kwenye jedwali, kwa majina ya kada zao, na wapate nafasi ya kujiendeleza bila kulazimika kuhama mlango wa kwanza. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayepita nyumba kwa nyumba alipwe, asiitwe wa kujitolea mpaka anazeeka. Na udaktari bingwa wa familia uheshimiwe kama wa moyo na wa ubongo. Chuo Kikuu cha Moi kule Eldoret kilianza kuufundisha mwaka 2005. Bado nikiuliza darasa la mwaka wa tano nani anautaka, naona mikono miwili, na yenyewe inapanda kwa aibu. Mabingwa wa upasuaji hawaonei aibu fani yao. Kumjua mgonjwa wa sukari kwa miaka 15, ukajua mumewe alikufa lini na jiko lake linatumia mkaa au kuni, nako ni ubingwa.

Ninyi wa mwaka wa tano mnakwenda mafunzo ya vitendo vijijini mwezi ujao. Nimewaletea karatasi, ziko pale mezani karibu na chupa za maji. Ina safu nne. Ya kwanza ni ikama ya kituo utakachofikia. Ya pili ni walioandikwa kuwapo. Ya tatu, waliokuwapo kweli siku uliyofika, saa nne asubuhi. Ya nne ina swali moja: usiku, ufunguo wa kabati la dawa unakaa kwa nani? Jazeni kwa kalamu, msimtaje mtumishi kwa jina, kwa kuwa hatutafuti wa kumwadhibu. Mkirudi nileteeni. Nitakuwa chumba cha pili kushoto ukipita maktaba, kila Jumatano mchana, na chai itakuwapo.

Ahsanteni sana kwa kunisikiliza.